Mkate Nyuma ya Mgongo wa Baba Mkwe

Kwangu watu hawakauki, na siku ile ya tanuri walijaa mpaka kuku wakakosa pa kupita. Ndiyo maana habari hii naijua yote, ya mbele ya kichuguu na ya nyuma yake. Wa kunisahihisha ni Tusekile peke yake, naye akianza kusimulia hucheka kabla hajafika mahali penyewe. Siku yenyewe hakucheka hata kidogo.

Tusekile alikuwa jirani yangu pale Ikinga, mke wa Rubeni, mtoto wa pili wa Mzee Osea. Rubeni alikuwa Kopabelti kwenye migodi, kama nusu ya wanaume wetu wakati ule wa Mwingereza. Mwaka huu analeta blanketi, mwaka ujao analeta salamu. Mke alibaki na nyumba, migomba nyuma ya nyumba, na kipande cha shamba kule chini mtoni ambacho hakikuwa chake. Kilikuwa cha baba mkwe, naye alimpa akilime msimu mmoja tu, aone.

Na kile kipande kila mtu alikitaka. Udongo mweusi, unyevu hauondoki hata kipupwe kikikausha vilima vyote mpaka Itumba. Aliyekitaka kuliko wote ni Fides, mke wa Efraimu, mtoto wa kwanza wa mzee. Fides alikuwa amekipangia maharage moyoni tangu zamani. Alipoona kimekwenda kwa mke wa mdogo mtu, alitembea nyumba kwa nyumba na huzuni yake kama mtu anayetangaza msiba.

Tusekile angepanda maharage na yeye, maneno yangeisha. Lakini alipanda ngano.

Mbegu aliitoa Mbozi kwa shangazi yake, aliyekuwa mpishi wa mzungu mmoja wa kahawa. Huko alilelewa, huko alijifunza mikate. Alizileta mbegu zimefungwa kwenye pindo la khanga, akazimwaga shambani mvua zilipokuwa zinaaga, kama mtu anayemwaga ulezi. Zilipoota tukaenda kutazama. Tabita, ambaye ulimi wake haujawahi kulala na njaa, akasema, "Dada zangu, mwenzetu amepanda nyasi. Mwaka huu atakula na ng'ombe."

Tulicheka, lakini Tusekile alishinda na ndege shambani tangu umande mpaka jua linazama, anapiga debe, sauti imemkauka. Ngano ikawa ya manjano, akaikata kwa mundu, akaipiga kwa fimbo juu ya mkeka, akaipepeta. Akaja kusaga kwangu, kwa sababu jiwe langu ni pana na kwangu kuna wa kupokezana. Tulisaga mpaka viganja vikawaka moto. Mama mkwe wake, Mama Tulinagwe, alipita akauona unga, akaushika, akashtuka.

"Mwanangu, huu unga mwekundu hivi, mbona hamjauchekecha? Pumba zote zimo."

"Zinakaa humo humo, mama."

"Unataka kumlisha mzee chakula cha nguruwe?"

"Kule Mbozi mzungu alikula mweupe, mama, akawa na njaa saa nne. Sisi wa jikoni tulikula wenye pumba, tukakaa mpaka jioni."

Mama Tulinagwe alinitazama mimi, mimi nikatazama jiwe.

Sasa, neno la mzee lilikuwa hili, na lilitangazwa mbele ya watoto wake wote. Jumamosi, kabla mvua hazijaanza, angegawa mashamba. "Siku hiyo nitaionja hiyo ngano. Ikishibisha mtu, shamba la mtoni ni la nyumba ya Rubeni. Isiposhibisha, Fides akalime." Basi. Mume yuko Kopabelti, wa kumtetea hayupo. Tusekile alikuwa na mkate tu.

Na hapo lazima niseme jambo la ukwe, maana bila hilo hakuna hadithi. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawaonani. Mzee akija anakohoa kutoka mbali na kugonga fimbo, na mwanamke anaingia porini hata kama ana mtoto titini. Jina lake halitaji. Yeye naye nyumba ya mkamwana haingii. Macho yao yakikutana ni aibu ya ukoo mzima, na ng'ombe wa kuiosha aibu hiyo lazima atoke zizini kwa mume. Mchungaji alishatuambia kanisani kwamba mambo ya kukimbiana ni ya gizani. Tukaitikia amina, tukarudi nyumbani tukaendelea kukimbiana.

Jumamosi ile asubuhi baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Tusekile alikuwa amechimba tanuri ndani ya kichuguu kilichokuwa kati ya uwanja wake na ile migomba. Mlango aliuelekeza uwanjani, kwa kuwa upepo hutokea mgombani. Unga alikuwa ameukanda kwa togwa iliyochachuka, na Fides alikwisha kueneza kwamba mkate ule ni pombe iliyosimama. Moto uliwaka ndani ya kichuguu mpaka kikawa kinapumua kama mnyama. Akakokota makaa nje, lakini kwa ajili ya baridi ile akabakiza mengine pembeni. Akaweka mikate mitatu juu ya majani ya mgomba, akaziba mlango kwa jiwe bapa, akakandika udongo.

"Umebakiza makaa mengi," nikamwambia.

"Ndiyo. Kwa hiyo nisichelewe kuufungua. Harufu ikiwa tamu, ni wakati. Ikianza kuwa chungu, nimekwisha."

Unga wote ulikuwa mle ndani. Mbegu ya kupanda tena alikuwa nayo, lakini unga mwingine hapana.

Kwangu, hatua chache tu kutoka kwenye kichuguu, walikuwa wamejaa, wamekuja kuona huo mkate unavyotoka. Hatujakaa vizuri tukasikia kikohozi bondeni. Kikohozi, fimbo, kikohozi.

"Mzee!" akasema Tabita. "Anafuata nini huku? Si ilikuwa tumpelekee kwake?"

Tusekile hakuuliza. Alijitupa mgombani kama panya, majani yakatikisika, yakatulia.

Mzee Osea alitokea na Efraimu nyuma yake. Walikuwa wamekwenda mtoni kutazama mipaka ya shamba kabla ya kugawa, na upepo ulimpiga mzee kifuani. Alikuwa amejifunga lile blanketi la Rubeni, lakini alitetemeka. Nikakimbilia kupiga magoti.

"Shikamoo baba. Karibu kwangu, kuna moto."

"Marahaba, Mama Lusubilo. Kwako kuna watu kuliko mnadani." Akatazama huku na huku, akakiona kichuguu, akakigusa kwa kiganja. Uso wake ukafunguka. "Hiki kina joto!"

Na kabla sijapata neno akageuka, akajishusha polepole, akakaa chini na kuuegemeza mgongo wake kwenye jiwe bapa. Mlangoni kabisa. Akafumba macho.

"Baba," nikasema, "hapo ni..."

"Mwache," akasema Efraimu.

"Shemeji, lile ni tanuri. Mkate umo ndani."

"Najua ni tanuri. Sina macho?" Alizungumza kwa sauti ya chini, akatandaza koti lake, akakaa mbele ya baba yake kama mlinzi wa boma. "Mzee hajalala usiku kucha kwa kifua. Atakayemwamsha ana kesi na mimi."

"Mkate utaungua."

"Si uungue? Mwenye mkate aje mwenyewe autoe. Nani amemkataza?"

Nikamtazama vizuri yule mwanaume. Alijua anachofanya. Tusekile akijitokeza mbele ya baba mkwe, hata kama mzee amelala, ni ng'ombe na ni aibu, na mwanamke wa aibu hapewi shamba. Asipojitokeza, mkate unakuwa mkaa. Vyovyote vile Fides analima mtoni.

Mzee alikuwa ameanza kukoroma.

Nikaenda mgombani najifanya kukata majani. Tusekile alikuwa amelala kifudifudi, mashavu yamejaa udongo.

"Amekaa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlangoni penyewe?"

"Mgongo kwenye jiwe. Amelala. Na Efraimu anamlinda."

Alifumba macho, akanusa. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwenye tanuri, hasikii kitu. "Nenda kanuse. Uje uniambie."

Nikarudi. Nikajipitisha karibu na kichuguu, nikavuta pumzi. Harufu ilikuwa tamu jamani, tamu ya kumwita mtu kutoka usingizini, na hata wale wanawake kwangu walikuwa wamenyamaza kwa ajili yake. Nikarudi mgombani.

"Mama Lusubilo," akaniita Efraimu, "mbona unakwenda mgombani kama una tumbo la kuhara?"

"Ndilo hilo hilo, shemeji. Nisamehe."

Tabita akacheka, akajiziba mdomo.

"Tamu," nikamnong'oneza Tusekile.

"Basi ni wakati. Ni sasa hivi." Aliung'ata mkono wake. "Mama Lusubilo, mwamshe wewe."

"Niombe kingine. Mzee akiamshwa na mwanamke uwanjani, mbele ya mtoto wake wa kwanza anayesema alikataza? Kesho wananiita barazani. Na ataamka na hasira, ataionja ngano yako na hasira."

 Nilimwona anakitazama kichuguu kupitia migomba. Kutoka pale mzee haonekani. Kinachoonekana ni mgongo wa kichuguu tu, umenyanyuka kama nundu, umemficha kabisa yule aliyekaa upande wa pili.

"Niletee jembe," akasema.

"La nini?"

"Sitakwenda mbele. Nitaingia kwa nyuma."

Nilielewa. Tanuri lile lilimmalizia siku nyingi za kuchimba kwa kisu na vidole. Na ukuta wa nyuma ukibomolewa vibaya, kichuguu chote kinashuka juu ya mkate. Tena kinashuka juu ya mzee.

Jembe lilikuwa limeegemea mlangoni kwake, mbele ya macho ya Efraimu. Nikalichukua kama changu.

"Na hilo jembe?"

"Nachimba mizizi, shemeji. Dawa ya lile tumbo ulilolisema."

Alikunja uso, lakini mwanaume hafuatilii tumbo la mwanamke. Nikapita.

Tusekile alitambaa mpaka nyuma ya kichuguu. Alilishika jembe karibu kabisa na bapa lake, mkono mfupi, akaanza. Hakupiga. Alikwangua. Udongo wa kichuguu ukishapata moto unakuwa kama chungu, na kukwangua kulitoa vumbi tu. Upepo ukageuka kidogo, na mara hiyo hata sisi wa nyuma tukaipata harufu. Haikuwa tamu tena kama mwanzo. Ilikuwa na ncha.

"Inakuwa chungu," akasema. Machozi yalimtoka yakafanya tope. "Siwezi kukwangua tena."

Akanyanyua jembe, akapiga.

Du.

Mkoromo ukakatika. Kwangu wanawake wote wakasimama. Nilikuwa nimejibanza penye ukingo wa migomba, naona pande zote mbili, na ningependa nisione hata mmoja. Tusekile alibaki na jembe hewani. Upande wa pili mzee alifumbua macho.

"Nani analima?" akauliza.

 Tusekile alinitazama mimi. Akapiga tena. Du. Na tena. Kipande cha udongo kikadondoka kutoka juu ya kichuguu kikamwangukia mzee kichwani.

Efraimu akaruka. "Baba, kuna mtu anabomoa! Anabomoa kichuguu juu yako! Ngoja nimtoe huyu..."

Alishapiga hatua kuzunguka. Ningefanya nini? Niliachama tu. Tusekile hakukimbia. Alikuwa ameshapata tundu la kuingiza ngumi, moshi unatoka, naye anapanua kwa mikono mitupu.

"Efraimu." Sauti ya mzee haikuwa kubwa. "Kaa."

"Baba, atakuangushia..."

"Nimesema kaa chini."

Efraimu akakaa. Na Mzee Osea, kwa utaratibu, kama anayejiandaa kulala, akalivuta lile blanketi la Kopabelti akajifunika kichwa chote, mpaka magotini. Hakuondoa mgongo. Alikaa pale kama gunia, na kila jembe lilipopiga blanketi lilitikisika. Udongo ulimdondokea, hakuupangusa. Ufa ulitokea juu ya kichuguu, ukashuka upande wake polepole kama mjusi. Tabita akaanza kuomba kwa sauti, na si mtu wa kuomba. Blanketi halikusogea.

Kisha jembe likakoma. Kisha majani ya mgomba yakatikisika, na mkono ukaniita.

Tusekile alikuwa ameketi chini na mikate mapajani, anahamisha mikono kwa kuungua. Mmoja ulikuwa mkaa mtupu, ule uliokaa karibu na makaa. Wa pili umeangukiwa na udongo, umepondeka. Wa tatu ulikuwa mweusi upande mmoja, na upande mwingine kahawia kama ngozi ya mtu mzima, umepasuka juu, unafuka.

"Mpelekee huo," akasema. "Na huo wa udongo. Mwambie..."  Jina la mzee lenyewe hawezi kulitaja.

Nikaweka mkate kwenye ungo, nikaenda mbele, nikapiga magoti.

"Baba, wamemaliza huko nyuma."

Blanketi likashuka. Nywele zake nyeupe zilikuwa nyekundu kwa udongo. Akautazama mkate, akaugonga kwa kidole, akaunusa upande mweusi na upande mzuri. Akaumega.

"Pumba mmeziacha?"

"Zimo, baba. Hatukuchekecha."

Akala. Nyinyi hamjawahi kusikiliza mtu akitafuna mkiwa mmesimama wote. Alitafuna kama ng'ombe anayewaza. Mara ikasikika krr, akasimamisha taya, akatia vidole mdomoni akatoa kijiwe cha udongo wa kichuguu. Akakitazama. Nikajua basi. Kule mgombani hakuna jani lililotikisika, na nilijua kule nako kuna mtu anasikiliza taya zile.

Mzee akakirusha kile kijiwe pembeni, akaendelea kula. Akamaliza alichomega, akamega tena, akampa Efraimu.

"Kula."

"Baba, mimi sina..."

"Kula. Shamba mnalolitaka ninyi nalo ni lenye udongo."

Efraimu akala. "Mkavu," akasema. "Na umeungua."

Akala tena. Akala mpaka mkono ukabaki mtupu, halafu jicho lake, wala yeye hakujua, likaenda kwenye ungo.

"Mkavu, shemeji," akasema Tabita kutoka kwangu, "lakini naona hata chembe hukutuachia."

Uwanja wote ukapasuka kwa kicheko, na mimi magotini nikacheka. Mzee hakucheka. Alijinyanyua kwa fimbo, akapangusa udongo mabegani, akakitazama kichuguu, chenye ufa wake wa kutoka juu mpaka chini. Hakuzunguka nyuma. Alizungumza na kichuguu.

"Mama Lusubilo, kuna mtu alikuwa analima nyuma yangu. Mimi sikumwona."

"Hukumwona, baba."

"Mwambie shamba la mtoni aendelee nalo. Leo jioni nitalisema mbele ya wote. Mwambie pia tanuri jingine alijenge mlango uelekee mgombani. Mimi nitaendelea kuja kuota joto huku uwanjani, na uzee huu hauulizi mlango uko wapi."

Akauchukua ule mkate ulioangukiwa na udongo, akauweka ndani ya blanketi, akaondoka anakohoa na kugonga fimbo kama kawaida. Jioni mbele ya wote alilisema vile vile alivyoahidi, na Mama Tulinagwe aliniambia kwamba ugali wa usiku ule mzee aliusukuma pembeni kwa shibe.

Tanuri la pili lipo mpaka leo, na mlango wake uko mgombani. Upepo wote unaingia mle, moshi unatutoa machozi, na kila siku ya kuoka Tusekile analalamika kwamba amelijenga kinyume. Mwambie aligeuze basi. Hataki.